Dondoo muhimu: Kutoka APL hadi Chart.js bila kuharibu namba

Ukitaka kuchora kwa Chart.js namba zilizokokotolewa na APL, usiunganishe maandishi kwa mkono. Tumia ⎕JSON iliyomo ndani ya Dyalog APL.

Makosa mengi huanzia kwenye alama ya hasi. APL huandika hasi tano ¯5, kistari kikiwa juu, na JavaScript haikitambui kabisa, kwa hiyo grafu haitokei. Basi weka 1 ⎕JSON mbele ya data, upate -5, mikato na mabano ya mraba mahali pake. Utasema namba zako ni chache na zote chanya, kwa nini usiweke mikato mwenyewe? Leo itakubali. Lakini grafu huchorwa upya kila data inapobadilika, na hasara ya kwanza ikiingia itavunjika, pengine mbele ya wasomaji wako.

Jumla na wastani malizia ndani ya APL, Chart.js iachie kuchora tu. Kisha kagua umbo. Chart.js hutaka kila mfululizo uwe orodha yake, kwa hiyo pasua jedwali kwa ↓, na kama mifululizo imekaa wima, ligeuze kwanza kwa ⍉. Mfululizo wenye namba moja tu utangulizie mkato wa APL, la sivyo itafika 5 badala ya [5].