Vitamini D: Matone, Vidonge au Sindano?

Mzazi ambaye mwanawe amechelewa kutembea, au ambaye miguu yake imeanza kupinda, mara nyingi hufika kwenye duka la dawa akiomba dawa ya mifupa. Anaweza kuuziwa chupa ya matone au pakiti ya vidonge vya kutafuna, au akaambiwa kuwa iko sindano moja inayomaliza kazi yote. Dawa hizi zote zina vitamini D, lakini hazilingani kwa nguvu, kwa muda wala kwa hatari. Inafaa kila mkazi azifahamu kabla ya kutoa fedha zake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Matone ambayo watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi sita, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, ni ya vitamini A. Mafuta ya kupikia yaliyorutubishwa kiwandani nayo huongezwa vitamini A, na vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito ni vya madini chuma na asidi ya foliki. Kwa hiyo mtoto anaweza kuhudhuria kliniki bila kukosa hata mara moja, na kadi yake ikawa imejazwa vizuri, lakini asiwe amepata vitamini D hata tone moja.

Jambo hilo halipaswi kututia hofu, kwa kuwa chanzo kikuu cha vitamini D si duka bali ngozi inayopigwa na jua. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamaasai na Wahadzabe 60 wa hapa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali upungufu wenyewe huhesabiwa pale kiwango kinaposhuka chini ya 30. Ufipa nayo ina jua mwaka mzima. Wanaopungukiwa ni wale wasiofikiwa na jua hilo: mtoto mchanga anayefunikwa mablanketi ndani ya nyumba katika miezi ya baridi na upepo, mzee asiyeweza kutoka kitandani, na mgonjwa wa kifafa anayetumia fenitoini au fenobabitali kwa miaka mingi, kwani dawa hizo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini hii mwilini. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Wenye ualbino, kwa upande wao, waendelee kujikinga na jua kama walivyofundishwa. Wasiache kofia na mafuta ya kinga kwa sababu ya somo hili.

Sasa tuje kwenye dawa. Chupa au pakiti huandikwa D2 au D3. Ya kwanza, ergokalsiferoli, hutengenezwa kutokana na hamira na uyoga. Ya pili, kolekalsiferoli, hupatikana katika mafuta ya sufu ya kondoo na katika maini ya samaki. Zote mbili huponya upungufu, ila D3 hupandisha kiwango cha damu zaidi na hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Tofauti hii huwa ndogo mgonjwa akimeza kila siku, na huwa kubwa akipewa dozi moja nzito. Palipo na hiari, basi, tuchague D3. Palipo na D2 peke yake, mgonjwa asirudi nyumbani mikono mitupu.

Iko pia aina ya tatu, alfakalsidoli, ambayo wengine huiona bora kwa kuwa ni ghali. Hiyo ni ya wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kuikamilisha vitamini D, na hutolewa chini ya uangalizi wa daktari. Mtu mwenye figo nzima akiinunua hupata hatari bila faida.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 unaelekeza kuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye ugonjwa wa matege apewe yuniti 2,000 kila siku kwa siku zisizopungua 90. Aliye kati ya mwaka 1 na 12 apewe 3,000 hadi 6,000. Baada ya hapo hubaki na 400 au 600 kwa siku kulingana na umri. Kwenye kifungashio yuniti huandikwa IU, na mikrogramu moja ni yuniti 40. Hapa ndipo penye hatari ya matone: ziko chupa ambazo tone moja lina yuniti 400, na nyingine ambazo yuniti hizo hizo zimo katika mililita nzima. Mama aliyezoea chupa ya pili akinunua ya kwanza na kuendelea kujaza kifaa cha kudondoshea, humzidishia mtoto mara nyingi. Dalili za kuzidishiwa ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika na kufunga choo. Hatimaye figo huharibika.

Vidonge na vimiminika vyote vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, hata karanga chache, kwa kuwa vitamini hii husafiri ndani ya mafuta.

Dozi moja nzito, ya kumeza au ya sindano, ina nafasi yake kwa mgonjwa anayeishi mbali asiyeweza kufuatiliwa, lakini haipewi mtoto wa chini ya miezi mitatu. Tena nzito zaidi si bora zaidi. Huko Australia, wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wenzao ambao hawakupewa, kama ilivyochapishwa mwaka 2010.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa kuliko yote katika uwanda wetu wenye jua ni kuisahau kalsiamu. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo kutoka Nigeria, nchi yenye jua kama yetu. Watoto wenye matege waliodungwa sindano za yuniti 600,000 bila kalsiamu walipona kidogo kuliko waliopewa kalsiamu, iwe peke yake au pamoja na sindano. Mifupa yao ilikosa kile inachojengwa nacho. Ndiyo maana mwongozo huo unadai miligramu 500 za kalsiamu kila siku, za chakula au za vidonge, pamoja na vitamini D. Gramu 100 za mahindi hazifikishi miligramu 20. Za ulezi hukaribia 350, na ulezi uliooteshwa kimea hutoa madini yake kwa urahisi zaidi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika waliwao pamoja na mifupa yao, na maziwa kwa walio na ng'ombe, hukamilisha hesabu. Katika mkoa ambao utafiti wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, uji wa mahindi matupu hautoshi.

Miguu ya mtoto wa chini ya miaka miwili ikipinda kidogo, sawasawa pande zote mbili, kwa kawaida hujinyoosha yenyewe. Apelekwe kituo cha afya bila kusubiri aliyevimba vifundo vya mikono, mwenye utosi laini kupita umri wake, anayeshindwa kutembea akiwa na mwaka mmoja na nusu, au aliyepatwa na degedege bila homa. Mzazi achukue kadi ya kliniki na chupa ya dawa yoyote ambayo mtoto amekwisha kupewa, hata kama imebaki tupu, ili mganga ahesabu yuniti zilizokwisha kuingia mwilini kabla ya kuandika nyingine.