Nice: sifa iliyoanza kama tusi

Anayejifunza Kiingereza hukutana na neno nice siku za mwanzo kabisa. Chakula ni nice, mwalimu ni nice, hata hali ya hewa ni nice. Kwa kuwa linafaa kila mahali, wengi hudhani halina zaidi la kufundisha. Lakini neno hili limepitia maana nyingi, na mojawapo ya zile za zamani bado inatumika katika maandishi ya sheria na ya kitaaluma. Asiyeijua anaweza kuielewa sentensi visivyo.

Lilikotoka

Asili yake ni neno la Kilatini nescius, yaani asiyejua. Limeundwa kwa ne, kiambishi cha kukanusha, na scire, kujua. Kitenzi hichohicho ndicho chimbuko la science na conscience. Katika Kifaransa cha kale nescius likawa nice, likitumika kwa mtu mpumbavu. Waingereza walilipokea kwa maana hiyo mnamo mwaka 1300, enzi ambazo maneno ya Kifaransa yalikuwa yakimiminika katika lugha yao. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia kwa maana ya upumbavu.

Mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa, hauhusiki hapa. Wenyewe huutamka "nis", na jina lake limetokana na Kigiriki Nikaia, lenye asili ya neno la ushindi. Kivumishi chetu hutamkwa "nais".

Lilivyobadilika

Kutoka upumbavu, maana ilisogea hatua kwa hatua. Neno lilitumika kwa mtu mwenye haya nyingi, kisha kwa mteuzi asiyeridhika upesi, kisha kwa kitu laini au chororo. Mteuzi huona kasoro ndogo zinazowapita wengine, na hapo ndipo ilipozaliwa maana ya umakini na usahihi, kufikia karne ya 16. Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18, na ile ya ukarimu na upole ikafuata.

Maana hizo ziliishi pamoja kwa muda mrefu. Katika Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, Padri Laurence anapogundua kwamba barua yake haikumfikia Romeo, anasema haikuwa nice. Msomaji wa leo atafikiri barua ilikuwa na maneno mabaya. Shakespeare alimaanisha kwamba haikuwa ya jambo dogo.

Neno lilipoanza kusifia kila kitu, wengine waliona limechuja. Jane Austen alilifanyia mzaha katika riwaya ya Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake. Humo Henry Tilney anamtania Catherine Morland kwa kukiita kitabu nice, kana kwamba neno hilo linatosha kusifia chochote duniani.

Namna ya kulielewa na kulitumia

Tazama nomino inayofuata. A nice distinction ni tofauti ndogo inayohitaji jicho kali kuiona. A nice point of law ni hoja ya kisheria yenye utata, inayodai uchambuzi wa makini. Nomino nicety nayo imebaki na maana hiyo ya undani.

Nice and. Mtu akisema chai ni nice and hot, anasema ina moto wa kutosha, vile anavyoipenda. Hapo nice inakitilia nguvu kivumishi kinachofuata.

Sikiliza sauti. A nice mess ni kejeli: mambo yameharibika, na huenda anayeambiwa ndiye aliyeyaharibu.

Salamu. Mnapokutana mara ya kwanza sema nice to meet you. Mnapoagana sema nice meeting you.

Mpangilio. Kivumishi cha maoni hutangulia cha ukubwa au rangi: a nice big house, a nice red dress.

Katika mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya wowote kulitumia. Tahadhari ni kwenye insha, ripoti na barua za kazi. Mwajiri akisoma kwamba mwombaji ni nice, hajui kama anawahi kazini, ana subira na wateja, au ana tabasamu tu. Kabla ya kuliandika, jiulize unasifia nini hasa. Kama ni chakula, andika tasty; mtu mwema, kind; mwenye adabu, polite; kiti, comfortable; maelezo, clear. Ukishindwa kupata neno mahususi, huenda hujaamua bado unachotaka kusema, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza.