Somo la 14: Kuiga Mwendo wa Magari Mjini

Magari yanapozidi barabarani, hutokea msongamano. Gari la wagonjwa likinaswa humo, mgonjwa huchelewa kufika hospitali. Yafaa basi tujue msongamano huanzaje. Lakini hatuwezi kufunga barabara za mji mzima ili tufanye majaribio. Tunaweza kuuiga mwendo wa magari.

Jaribio

Mahitaji: chokaa, filimbi, na wanafunzi 16.

1. Choreni duara kubwa uwanjani. Ligaweni katika visanduku 20.
2. Wanafunzi 8 wasimame, kila mmoja katika kisanduku chake, wote wakielekea upande mmoja. Hao ndio "magari".
3. Filimbi ikilia, kila gari lisogee kisanduku kimoja, ikiwa kisanduku cha mbele kilikuwa kitupu kabla ya mlio. Kama hakikuwa kitupu, lisimame.
4. Baada ya milio 20, hesabuni magari yanayosogea kwa kila mlio.
5. Rudieni jaribio kwa wanafunzi 16.

Mmeona nini?

Magari 8 husogea yote. Yakiwa 16, husogea 4 tu, kwa kuwa nafasi tupu ni 4. Idadi ya magari imeongezeka mara mbili, lakini yanayosogea yamepungua kwa nusu.

Kazi ya kompyuta

Mwaka 1992, wanasayansi wawili wa Ujerumani, Kai Nagel na Michael Schreckenberg, waliiga mwendo wa magari kwa kompyuta kwa njia inayofanana na hii. Kila kisanduku kilikuwa badala ya mita 7.5 za barabara. Waliongeza kanuni moja: mara nyingine dereva hupunguza mwendo bila sababu. Jambo hilo dogo lilitosha kuanzisha msongamano.

Je, ndivyo ilivyo barabarani? Mwaka 2008, wataalamu wa Japani walieleza jaribio la magari halisi 22 yaliyozunguka njia ya duara yenye urefu wa mita 230. Msongamano ulitokea, ingawa hapakuwa na ajali wala kizuizi.

Kumbuka: mfano wa kompyuta si mji wenyewe. Ni lazima ulinganishwe na mambo yaliyopimwa barabarani.

Maswali

1. Kwa nini tunaiga mwendo wa magari?
2. Magari yakiwa 18 katika visanduku 20, mangapi yatasogea kwa kila mlio? Jaribuni.
3. Taja jambo moja la barabarani ambalo jaribio letu halikuliiga.