Kufundisha Utengenezaji wa Ngozi kwa Kufuata Njia ya Maji

Katika mazoezi ya kufundisha huku Pasiansi, mwanachuo mmoja alifundisha vizuri hatua za kutengeneza ngozi. Mwishoni mtoto akauliza: "Mwalimu, haya maji tuliyolowekea tuyamwage wapi?" Mwanachuo akajibu: "Nje." Nje ya darasa lile palikuwa na mfereji uelekeao ziwani, na maji ya bomba ya Mwanza huvutwa kutoka Ziwa Victoria. Swali la mtoto ndilo lingepaswa kuwa kiini cha somo.

Maarifa ya mwalimu

Ngozi mbichi huoza kwa kuwa protini yake ni chakula cha bakteria. Tanini, iliyomo katika magome na maganda ya miti kama mgunga, hushikamana na protini hiyo, ikaizuia ngozi isioze. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vingi vimetumia chumvi za kromi, ambazo humaliza kwa siku moja au mbili kazi inayoichukua tanini majuma kadhaa. Lakini katika utaratibu wa kawaida, kiasi cha theluthi moja ya kromi yaweza kubaki majini bila kuingia ngozini. Tena, taka za ngozi hiyo zikichomwa moto, kromi yaweza kugeuka kuwa ya aina yenye sumu kali, iletayo saratani.

Jaribio la darasani

Vifaa: maganda ya mbegu za mgunga, yai moja, gilasi mbili, kitambaa safi.

1. Ponda maganda, yaloweke katika maji ya moto hadi kesho yake, kisha uyachuje. Ukiyakosa, tumia chai ya rangi iliyokolea.
2. Koroga ute mweupe wa yai katika nusu lita ya maji baridi, chuja, kisha ugawe sawasawa katika gilasi mbili.
3. Waulize wanafunzi wabashiri yatakayotokea.
4. Katika gilasi ya kwanza ongeza maji matupu. Katika ya pili, maji ya maganda.

Gilasi ya pili itatibuka, na mashapo yatajitenga. Sasa eleza: tanini imeshikana na protini ya yai, kama ifanyavyo ndani ya ngozi. Usilete ngozi mbichi darasani, kwani yaweza kuwa na vijidudu vya kimeta.

Kosa la kuepuka

Usiwafundishe watoto kwamba dawa ya kiwandani ni mbaya na ya miti ni njema, basi. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka shina hufa. Jirani zetu wa Shinyanga walianzishiwa mradi wa HASHI mwaka 1986 ili kuirudisha miti iliyokwisha kutoweka. Aidha, maji mengi ya tanini yakimwagwa ziwani, huoza na kuwapunguzia samaki oksijeni. Njia iliyo salama zaidi ina masharti matatu. Kwanza, tutumie maganda, ambayo mti huyazaa tena, au magome ya miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, kama miwati ya Njombe, ambako kampuni ilianzishwa mwaka 1949 kwa kilimo hicho. Pili, maji ya dawa yatumike tena na tena hadi nguvu yake iishe. Tatu, yanayobaki yasafishwe kabla ya kumwagwa. Kiwanda kitumiacho kromi nacho chaweza kupunguza madhara kwa kuikusanya kromi iliyobaki na kuitumia upya.

Kumalizia somo

Kabla kengele haijalia, weka gilasi zote mbili mezani na uulize: "Maji haya tuyamwage wapi?" Usiwajibie. Waache wabishane, watoke nje wautazame mfereji na waone unakoelekea. Wakikubaliana kuyamwaga katika shimo la mboji, wayapeleke wenyewe. Hapo utajua kwamba somo limefika.