Jukwaa Linalosoma Kosa la Mtoto

Jukwaa linalojirekebisha kumfuata mwanafunzi lina faida gani kuliko kitabu kilichowekwa mtandaoni?

Linasoma kosa. Mpe mtoto 52 kutoa 27. Akijibu 35, hajabahatisha: kwenye mamoja ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu hajui kukopa. Mwenzake akijibu 26, huenda ameteleza tu. Kitabu huwapeleka wote ukurasa unaofuata. Jukwaa zuri humrudisha wa kwanza kwenye mafungu ya kumi, na wa pili humpa swali jingine la kuhakikisha kisha humwacha aendelee. Watafiti Corbett na Anderson walieleza mwaka 1995 namna ya kupiga hesabu ya kuwatofautisha hao wawili: kwa kila stadi programu hukadiria kama mwanafunzi ameshaimudu, ikikumbuka kwamba asiyejua huweza kubahatisha na anayejua huweza kuteleza.

Nyenzo huria zinaingilia wapi?

Hapo hapo. Ili umrudishe mtoto nyuma, lazima uwe na kitu cha kumrudishia: maelezo mafupi, picha, maswali ya viwango mbalimbali, kwa kila stadi. Hakuna timu ndogo inayoweza kuviandika vyote, kwa hiyo huchukua nyenzo huria, yaani zile ambazo wenyewe wameruhusu wengine wazitumie. Lakini soma leseni kwanza, maana kupatikana bure hakukupi ruhusa ya kukata na kubadilisha. Leseni za Creative Commons, zinazotumika sana kwa nyenzo huria, ziko sita. CC BY inakuruhusu kukata, kutafsiri na kusambaza mradi umtaje mwandishi. Zenye alama ya ND zinakataza kusambaza kilichorekebishwa, na kwa kazi hii hazifai hata maudhui yawe mazuri kiasi gani. Nimeona timu zikijenga programu nzima kabla ya kuuliza swali hili, na inauma.

Kuna mfano wa karibu nasi?

Upo, Tanga. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalijaribu programu tano kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170, zikifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia vishikwambi. Mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana ushindi. Kwangu, urithi mkubwa ni sharti walilowekewa wote: programu na maudhui yao viwe huria. Masomo hayo ya Kiswahili yapo, na yeyote anaweza kuyachukua leo akayaboresha. Inasikitisha kwamba watu wengi wanaanza upya kana kwamba hayapo.

Na shule isiyo na intaneti?

Tumia Kolibri au programu ya aina yake. Kompyuta moja ya shule huhifadhi masomo yote, vishikwambi huunganishwa nayo bila waya, na hakuna anayenunua bando.

Timu yenye fedha kidogo ianze na nini?

Mada moja finyu, kama kutoa kwa kukopa. Kaeni na walimu wa darasa husika mchore kwenye karatasi stadi ipi hutangulia ipi, na makosa gani wanayaona kila mwaka. Kisha kila kipande cha somo kiandikiwe stadi, kiwango, lugha na leseni yake. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayoamua kama jukwaa litamfaa mtoto. Programu ifuate baadaye. Humo mpeni mwalimu ukurasa wa kuona nani amekwama wapi, na kitufe cha kupangua uamuzi wa mashine, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kwamba mtoto fulani leo amekuja bila kula.