Je, Taa ya Nyuma Inawaka? Somo la Mkondo na Sumaku

Chombo kinachosafiri usiku baina ya Mbamba Bay na Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, huhitaji taa ili vyombo vingine vikione. Kwa kawaida taa nyekundu huwa kushoto, ya kijani kulia, na nyeupe tezi, yaani nyuma. Ndege nazo hupangiwa taa vivyo hivyo. Hivyo fundi anayejiundia ndege ndogo hukabiliwa na swali lilelile la nahodha: hali macho yako mbele, atajuaje kwamba taa ya nyuma inawaka?

Njia nyepesi ni kuunga kitaa cha ishara sambamba na taa kuu. Njia hiyo hudanganya. Uzi wa glopu kuu ukikatika kwa mtikisiko wa injini, kitaa huendelea kuwaka, kwa kuwa bado kinapata volti 12 za betri. Kuviunga kwa mfuatano hakufai pia: kitaa cha wati 1.2 kina ukinzani wa omu 120, nao huuzuia mkondo hata taa kuu isiwake.

Kinachopasa kuchunguzwa ni mkondo wa taa yenyewe. Glopu ya wati 24 kwa volti 12 hutumia ampia 2. Waya wake na uzungushwe mara 15 juu ya swichi ya sumaku, ambayo ni kibomba cha kioo chenye vibamba viwili vya chuma visivyogusana. Hapo hupatikana 2 × 15, yaani ampia-mizunguko 30. Ikiwa swichi hufunga kwa 20, vibamba vitagusana na kuwasha kitaa mbele ya nahodha. 10 zilizozidi ni akiba betri inapodhoofika. Uzi ukikatika, vibamba huachana na kitaa huzimika.

Hata hivyo, waya zikigusana kabla ya kufika kwenye glopu, mkondo utapita na kitaa kitawaka mpaka fyuzi iungue. Kwa hiyo nahodha hana budi kuikagua taa kwa macho kabla ya kung'oa nanga.

Jaribio hili laweza kufanywa katika shule za Mbinga na kwingineko kwa betri ya gari na fyuzi ya ampia 5.

Zoezi: Taa ya diodi ya wati 2.4 kwa volti 12 yahitaji mizunguko mingapi ili kupata ampia-mizunguko 30? (Jibu: 150.)