Je, Mwili Ndio Mkosaji?

Katika Kwaresima iliyopita mwenzetu mmoja wa kidato cha sita alianguka wakati wa sala ya asubuhi, akapelekwa zahanati. Wengi walidhani ni malaria. Sisi tuliolala naye bweni moja tulijua sababu. Kwa wiki tatu alikuwa akiwagawia wadogo posho na maharage yake ya jioni, na usiku akilala juu ya sementi, godoro lake limekunjwa kando. Alikuwa amesikia katika mafungo kwamba mwili ni adui wa roho, akaazimu kumpiga adui huyo mpaka asalimu amri.

Mhariri ameniomba somo kwa ajili ya sehemu yetu ya Kiswahili, nami nimeona afadhali nieleze jambo hili kuliko lingine lolote, kwa kuwa twalitaja kila siku katika sala na wengi wetu hatulielewi. Je, mwili ndio unaokosa, au ni roho? Na ile hali ya kuvutwa kwenye ubaya hata baada ya ubatizo, je, yenyewe ni dhambi?

Kilichompoteza mwenzetu kwanza, naona, ni neno “mwili” lenyewe. Mtume Paulo aliandika kwa Kiyunani, na Kiyunani kina maneno mawili. La kwanza ni soma (si la kusoma kitabu!), yaani mwili huu wenye mikono na miguu. La pili ni sarksi, yaani nyama, na Paulo alilitumia mara nyingi kwa maana ya mtu mzima aliyempa Mungu kisogo akajitegemea mwenyewe. Katika Biblia yetu ya Kiswahili yote mawili yametiwa katika neno moja. Basi msomaji akifungua barua kwa Wagalatia, sura ya 5, aona mwili ukishindana na Roho. Akifungua barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, aambiwa kwamba mwili ni hekalu. Atauliza: hekalu lawezaje kuwa adui?

Tena ukiyasoma yale matendo ya mwili katika Wagalatia, uyahesabu kwa vidole. Uasherati umo, na ulevi na ulafi pia, na hayo kweli yahitaji viungo. Lakini uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina na husuda vimo vilevile, na aina hii ni nyingi kuliko ile. Mtu aweza kuwa na husuda tele naye amefunga siku arobaini. Shetani hana tumbo wala ngozi, lakini nani amzidi kwa kiburi?

Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa udongo, akampulizia pumzi, mtu akawa nefeshi hai. Neno hilo la Kiebrania ni ndugu wa neno la Kiarabu lililotuletea “nafsi”, kama ruahi ya Waebrania ilivyo ndugu wa “roho” yetu. Angalia vema: mtu hakupewa nefeshi kama apewavyo shati; alikuwa nefeshi. Aliyefundisha kwamba mwili ni gereza la roho ni Plato wa Wayunani, na Wakristo wengi wamelishika fundisho lake wakidhani wamelitoa katika Injili. Mtaguso uliokutana Vienne, nchini Ufaransa, ulitamka mwaka 1312 kwamba roho ndiyo inayoupa mwili wa mtu umbo lake na uhai wake, hata hivyo viwili ni mtu mmoja. Ndiyo maana twangoja ufufuo wa mwili. Na wale mahujaji waendao Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni, mahali walipochomwa moto Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886, wengine hutembea kwa miguu siku nyingi. Nani atasema kwamba miguu yao yawazuia kusali? Miguu ndiyo inayosali.

Mtu aliyeyajua haya kwa kuumia ni Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alipokuwa kijana aliwafuata kwa miaka kama tisa watu wa Mani, waliofundisha kwamba mwili umetoka katika giza. Katika kitabu chake cha Maungamo aeleza kwa nini fundisho lile lilimpendeza: lilimwezesha kusema kwamba si yeye akosaye, bali kuna kitu kingine ndani yake. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Siku zote nilidhani kwamba anayeuchukia mwili ni mkali juu ya nafsi yake. Kumbe aweza kuwa anajitafutia wakili!

Asimulia pia jinsi alivyoiba peasi usiku pamoja na vijana wenziwe, akiwa na miaka 16. Hakuwa na njaa. Alikuwa na peasi nzuri kuliko zile, na walizoiba waliwatupia nguruwe. Tumbo halikuomba kitu. Kilichomfurahisha ni kuvunja amri, tena kuivunja pamoja na wenzake. Peke yake, asema, asingeiba. Sisi tunaoijua mifenesi iliyo nyuma ya shule hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Sisemi kwamba kufunga ni bure. Bwana mwenyewe alifunga. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliuita mwili wake Ndugu Punda, na punda hufaa apewe kazi, wala asiachwe aingie shamba la mtu. Lakini wafuasi wake walisimulia kwamba alipokaribia kufa, mwaka 1226, alikiri kuwa amemkosea sana ndugu yake mwili kwa ukali wake. Padre wetu alimkumbusha mwenzetu habari hiyo alipomtembelea zahanati. Kisha akamwambia, “Mwanangu, umemfunga punda, na mwizi umemwacha ndani ya nyumba.”

Mwizi huyo ndiye mwelekeo wa dhambi. Ubatizo huondoa dhambi ya asili, lakini mvuto hubaki, kama mguu uliopona jeraha bado wachechemea. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1546 kwamba mwelekeo huo huitwa dhambi kwa sababu umetoka katika dhambi na huvuta kwenye dhambi, ila kwa mbatizwa si dhambi yenyewe. Umeachwa ili tushindane nao, wala haumdhuru yeye asiyeukubali, anayeupinga kwa neema ya Kristo. Martin Luther alikuwa amekataa. Kwake mwelekeo wenyewe ni dhambi kwelikweli, ingawa Mungu hamhesabii aaminiye. Kanisa la Uingereza nalo, katika kanuni ya 9 ya zile 39 zilizothibitishwa mwaka 1571, lilisema kwamba tamaa hiyo ina asili ya dhambi. Wenzetu Waanglikana hapa shuleni wametubishia sana juu ya jambo hili, na nakiri kwamba hoja yao ina uzito: mbona nione haya kwa mvuto ambao si kosa langu? Lakini Mtume Yakobo aliweka mambo mawili mbalimbali, kama mimba na mtoto. Tamaa kwanza, dhambi baadaye. Kati yake pana mlango, na mlango huo ni hiari yetu.

Nitaeleza mlango wangu. Mwaka jana matokeo ya mtihani wa hisabati yalipobandikwa ukutani, niliona jina la rafiki yangu juu ya langu. Kabla sijafikiri lolote moyo ulinichoma. Mchomo ule sikuuita, ulikuja wenyewe. Jioni yake mtu akasema bwenini kwamba labda aliiona karatasi ya mtihani mapema. Nilijua si kweli, maana tulikuwa tukisoma pamoja usiku kwa usiku. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa kwangu mimi. Hapana kiungo cha mwili kilichonishawishi. Ulimi wangu ulitulia mahali pake kama mtoto mtiifu.

Rafiki huyo ndiye aliyeanguka katika sala. Nilikwenda kumwona siku ya pili, akaniambia, “Ndugu yangu, nimejinyima wiki tatu, na bado nawachukia walionisingizia. Naona chuki yenyewe haili posho.”

Nikamweleza juu ya jioni ile. Alinitazama muda mrefu, akageuka upande wa ukutani, nami nikabaki nimeketi kwa kuwa sikujua la kufanya. Muuguzi alipoleta sahani ya maharage, rafiki yangu aliketi akaipokea. Alikula polepole. Alipofika nusu akauliza, bila kunitazama, kama bado ninacho kile kitabu cha Augustino.